Beringi mpya, taa mbili za njano: uchambuzi wa kisa cha ABS na mfumo wa kuzuia mtelezo

Gari ni saluni ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele. Beringi ya mbele kulia ilikuwa inanguruma, ikabadilishwa, ngurumo ikaisha. Tangu hapo taa mbili za njano haziondoki kwenye dashibodi: ya ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki, na ya mfumo wa kuzuia mtelezo, ile ya kigari chenye michirizi ya tairi iliyopinda nyuma yake. Gereji iliyofanya kazi ikafunga sensa mpya ya kasi ya gurudumu hilo na kufuta misimbo ya hitilafu. Taa zikazimika, kisha zikawaka tena gari lilipoanza kutembea. Mwenye gari akaambiwa kilichobaki ni kompyuta ya ABS, kwa sababu sensa ni mpya na waya ni mzima.

Kabla ya kununua kompyuta, gari likapelekwa kwa fundi wa pili. Hoja ya "sensa nzima, waya mzima, basi ni kompyuta" inasikika vizuri, ila imeruka kitu kimoja. Sensa haizalishi habari yenyewe. Inasoma kitu kinachozunguka mbele yake, na kitu hicho hakuna aliyekuwa amekipima.

Taa zilivyowaka

Ushahidi wa kwanza haukuhitaji kifaa. Misimbo ilifutwa, swichi ikawekwa ON bila kuwasha injini. Taa zote za breki kwenye dashibodi ziliwaka kama inavyotakiwa, na baada ya sekunde kama tatu ya ABS na ya mtelezo zikazimika. Ile nyekundu ya breki ikazimika handibreki iliposhushwa. Injini ikawashwa, dashibodi ikabaki safi. Gari likasogezwa polepole uani, bado safi. Lilipofika kama km 15 kwa saa, zote mbili zikawaka kwa pamoja.

Mpangilio huo unabana sana orodha ya washukiwa. Swichi ikifunguliwa tu, kompyuta ya ABS hupima nyaya za sensa zote nne ikitafuta uliokatika au uliogusana na bodi. Waya ukiwa umekatika, taa haizimiki kabisa baada ya ukaguzi wa mwanzo, hata gari likiwa limeegeshwa. Hapa ilizimika, maana yake umeme unapita na sensa inaonekana ipo. Kisichoonekana gari likiwa limesimama ni kama sensa inaona mzunguko, kwa kuwa magurudumu yote yako kwenye sifuri na sifuri nne zinafanana. Gari likianza kwenda, magurudumu matatu yanaripoti mwendo na la nne linaendelea kusema limesimama. Kompyuta huvumilia mita chache, kisha hukata shauri.

Jaribio hili lifanywe baada ya kufuta misimbo tu. Kompyuta nyingi zikishahifadhi hitilafu ya sensa ya gurudumu huacha taa ikiwaka tangu swichi inapofunguliwa safari inayofuata, hadi zitakapoona mwendo sahihi. Asiyefuta kwanza atadhani waya umekatika.

Taa mbili ziliwaka badala ya moja kwa sababu mfumo wa kuzuia mtelezo, uitwe ESP, VSC au ESC kulingana na mtengenezaji, unaishi juu ya ABS. Unatumia kasi ya kila gurudumu, pembe ya usukani, sensa ya mzunguko wa bodi na shinikizo la breki, kisha unabana gurudumu moja moja kurudisha gari kwenye njia. Ukikosa kasi ya gurudumu moja unajitoa kazini. Vilevile taa ya injini ikiwaka, kwenye magari mengi hii ya mtelezo huifuata ingawa breki hazina neno. Ikiwa inamwekamweka barabarani ni jambo tofauti: mfumo unafanya kazi wakati huo, labda juu ya mchanga au lami iliyolowa. Na ikiandikwa OFF, kwanza tafuta kitufe kilichobonyezwa.

Taa nyekundu haikuwaka, na hilo ndilo lililofanya gari liendeshwe hadi gereji. Njano ya ABS peke yake inamaanisha breki za kawaida zipo, ila tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Nyekundu ikiungana na ya ABS, mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umepotea pia, au mafuta ya breki yamepungua, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele. Gari la namna hiyo linavutwa, haliendeshwi.

Msimbo unataja mzunguko, hautaji kifaa

Mambo ya msingi yalipita haraka. Mafuta ya breki yako kati ya alama mbili, betri ina volti 12.5 injini ikiwa imezimwa na 14.1 ikiwaka, fyuzi za ABS zote nzima, tairi zote nne ni za kipimo kimoja. Hili la tairi si la kudharauliwa. Gurudumu lenye tairi ndogo kuliko wenzake huzunguka haraka zaidi, na kompyuta inaweza kuisoma tofauti hiyo kama hitilafu.

Skana, kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu, ilitoa msimbo mmoja, C0040, mzunguko wa sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kulia. Kwa Toyota gurudumu hilo hilo hupewa C0200. Neno la kushika hapo ni "mzunguko". Ndani yake mna sensa, plagi, nyaya mbili, pini za kompyuta na ringi inayozunguka na gurudumu, ambayo sensa huisoma. Kubadilisha sensa kwa sababu msimbo umeitaja sensa ni kubahatisha, na kwenye gari hili bahati ilikataa.

Ukurasa wenye faida kwenye skana ni ule wa data hai. Magurudumu manne yakawekwa kwenye skrini moja, mtu mmoja akaendesha na mwingine akasoma. Kwenye km 20 kwa saa, mbele kushoto ilionyesha 20, za nyuma 20 na 19, mbele kulia 0. Sifuri tupu, isiyorukaruka. Namna namba inavyokosea ina maana yake. Ingekuwa inashuka na kurudi gari linapopita kwenye mashimo, mshukiwa angekuwa waya unaovunjika ndani ya ganda lake au plagi iliyolegea. Ingekuwa inaruka mara moja kila mzunguko wa gurudumu, tungetafuta ringi iliyopasuka. Ringi ya namna hiyo pia hufanya ABS itetemeshe pedali gari likiwa karibu kusimama kwenye lami kavu. Ingekosekana kwenye mwendo mdogo na kurudi kwenye mwendo mkubwa, nafasi kati ya sensa na ringi ingekuwa imeongezeka, mara nyingi kwa kutu iliyoinua sensa kwenye tundu lake. Sifuri isiyotetereka, kwenye mzunguko uliopita ukaguzi wa umeme, inasema sensa iko hai na haioni kitu.

Kupima sensa bila kuiua

Hapa ndipo mafundi wengi huharibu sensa kwa mita. Sensa za zamani ni koili iliyozungushiwa sumaku. Unaweza kuzipima ukinzani, na nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,500. Ukizungusha gurudumu kwa mkono hutoa volti ndogo ya AC inayokua kadiri kasi inavyoongezeka, na kwa sababu hiyo ni viziwi gari linapotambaa. Sensa za sasa zina kisaketi cha kielektroniki ndani. Nazo zina nyaya mbili, kwa hiyo kwa macho hazitofautiani na zile za koili, lakini kuzipima omu hakuambii lolote na kunaweza kuzidhuru. Hizi hulishwa umeme na kompyuta na hujibu kwa kubadilisha mkondo: miliampia 7 au 14, basi. Kasi inasomwa kutokana na idadi ya mabadiliko kwa sekunde, ukubwa wa mawimbi haubadiliki.

Njia salama ya kujua gari lina aina gani ni kuchomoa plagi ya sensa, kuweka mita kwenye volti za DC upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta, kisha kufungua swichi. Hapa ilisoma volti 11.9, kwa hiyo ni sensa ya kielektroniki. Mita iwe imeshaunganishwa kabla ya swichi kufunguliwa, maana baadhi ya kompyuta zikigundua sensa haipo hukata umeme baada ya muda mfupi, na anayechelewa atasoma sifuri na kulaumu waya. Waya wenye volti uliwekwa alama. Sensa hizi zikigeuzwa nyaya hazifanyi kazi.

Kipimo chenyewe kilihitaji betri ya volti 12, kikinzani cha omu 100, mita na vipande viwili vya waya. Chanya ya betri ikaenda kwenye pini ya sensa inayolingana na waya uliowekewa alama. Pini ya pili ikarudi kwenye hasi kupitia kikinzani, na mita ikapima volti kati ya ncha mbili za kikinzani. Miliampia 7 kwenye omu 100 ni volti 0.7, na 14 ni volti 1.4. Gurudumu likizungushwa polepole sana, kiasi cha kidole, mita inapaswa kuruka 0.7, 1.4, 0.7, 1.4. Kikinzani kisiachwe, kwani ndicho kinacholinda sensa kama kuna kosa la kuunganisha.

Sensa mpya ilisoma 0.7 na kuganda hapo, gurudumu lizunguke mara ngapi.

Sensa ikafunguliwa boliti yake moja na kutolewa kwenye tundu, ikiwa bado imeunganishwa kwenye kipimo. Sumaku ndogo ikapitishwa mbele ya uso wake, upande mmoja kisha mwingine. Mita ikaruka: 1.4, 0.7, 1.4. Sensa ya zamani ilikuwa bado kwenye mfuko wa mwenye gari. Ikaunganishwa hivyo hivyo, nayo ikaruka. Zote mbili nzima. Kipimo cha dakika kumi kikawa kimeondoa sensa kwenye orodha na kuiacha kompyuta mbali sana. Haiwezi kulaumiwa kwa kuripoti sifuri wakati inaletewa sifuri. Kwa uhakika zaidi, plagi ikarudishwa kwenye waya wa gari na sumaku ikapitishwapitishwa haraka mbele ya sensa huku skana ikiwa kwenye data hai. Mbele kulia ikaonyesha kasi ndogo kwa kupepesa. Kutoka sensa hadi skana njia yote ni wazi. Kilichokosekana ni sumaku inayozunguka.

Beringi iliyogeuzwa

Kwenye gari hili hakuna ringi ya meno inayoonekana kwenye shafti. Sili ya upande mmoja wa beringi imetengenezwa kwa mpira wenye unga wa sumaku, na sumaku hiyo imepangwa kwa ncha za kaskazini na kusini zinazopishana kuzunguka duara. Beringi nyingi za aina hii zina jozi zipatazo 48. Kwa tairi yenye mzingo wa mita 1.9, gari likienda km 20 kwa saa gurudumu huzunguka karibu mara tatu kwa sekunde, na sensa huhesabu kama mapigo 140. Kwa macho, sili hiyo ni mpira mweusi au wa kahawia kama sili nyingine yoyote. Fundi asiyejua ataiona beringi kuwa pande zote ni sawa, na presi itaisukuma ndani bila ubishi kwa upande wowote.

Kuthibitisha, kadi ya kuonea sumaku, ile karatasi ya kijani yenye chembechembe zinazojipanga zikikuta sumaku, iliwekwa kwenye uso wa beringi kupitia tundu la sensa kadiri ilivyofika. Haikuonyesha mistari yoyote. Kwenye beringi mpya ya dukani, kadi hiyo hiyo ilitoa mistari myembamba kama ya msimbo-pau upande mmoja, na upande wa pili tupu. Asiye na kadi anaweza kutumia kibanio cha karatasi: kitanasa kidogo upande wenye sumaku na kuteleza upande mwingine.

Yalibaki mawili: beringi imewekwa kinyume, au imenunuliwa isiyo na sumaku kabisa. La pili hutokea, kwa sababu beringi yenye kipimo kile kile cha ndani, cha nje na cha upana inaweza kuwapo kwa ajili ya magari yasiyo na ABS. Habu, kitovu kinachofungiwa gurudumu, ilipotolewa, kadi ikawekwa upande wa nje wa beringi, ule unaotazama tairi, na mistari ikajitokeza. Sumaku ilikuwapo muda wote, imegeuzwa mgongo.

Haigeuzwi tu na kurudishwa. Habu inapotolewa kwa presi, nguvu hupita kwenye gololi, na mara nyingi kola ya ndani hubaki kwenye shingo ya habu. Beringi iliyotolewa hivyo imeshakufa hata kama inazunguka laini mkononi. Ikafungwa mpya, upande wenye sumaku ukitazama ndani, kwenye sensa, baada ya kukaguliwa kwa kadi kabla ya kugusa presi. Beringi inapoingia kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu, nguvu iwe kwenye kola ya nje. Habu inapoingia kwenye beringi, kola ya ndani ishikiliwe kwa chini. Ukikosea hapo gololi huchimba vishimo kwenye njia yake na ngurumo hurudi. Nyundo isiguse kabisa, kwa kuwa pigo moja linatosha kupasua ringi ya sumaku. Sili hiyo isilazwe pia juu ya meza yenye chembe za chuma wala karibu na spika au sumaku ya kuokotea boliti.

Tundu la sensa lilisafishwa kutu kwa brashi laini bila kuongeza kipenyo. Sensa ikaingia kwa mkono hadi ikakaa sawa, boliti ikakazwa kidogo tu, karibu Nm 8. Nati ya shafti ilikuwa mpya, ikakazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji, na tairi zikiwa chini. Kwa magari ya ukubwa huu kipimo hicho mara nyingi huwa kati ya Nm 180 na 300. Nati iliyolegea huacha beringi icheze, na mchezo huo hubadilisha nafasi ya sensa.

Taa ya pili iligoma

Misimbo ilifutwa, gari likaendeshwa. Mbele kulia ikasoma sawa na wenzake, taa ya ABS haikurudi. Ya mtelezo ikawaka baada ya dakika chache kwenye barabara iliyonyooka.

Hapa ni rahisi kurudi kwenye gurudumu na kuanza upya. Lakini skana sasa ilikuwa na msimbo mwingine, wa sensa ya pembe ya usukani, na data hai ilionyesha nyuzi 7 wakati gari linakwenda mbele moja kwa moja. Usukani wenyewe ulikuwa umeinama kidogo kulia, jambo ambalo mwenye gari alikuwa ameshalizoea. Nako ilipotolewa mara ya kwanza, boliti mbili zinazoifunga kwenye shokomzoba zilirudishwa zikiwa zimehama. Mlalo wa gurudumu ukabadilika, na mwelekeo wake ukafuata. Kompyuta ikawa inaambiwa na usukani kwamba gari linakata kona, huku sensa ya mzunguko wa bodi na magurudumu manne vikisema linakwenda moja kwa moja. Mfumo ambao kazi yake ni kulinganisha nia ya dereva na mwendo wa gari hauwezi kufanya kazi na habari zinazopingana kiasi hicho. Kwa nini haikusema mapema? Ilikwisha kujizima kwa sababu ya sensa ya gurudumu, na ukaguzi huu haukupata nafasi ya kufanyika.

Mpangilio wa marekebisho hapa haubadilishwi. Kwanza alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, hadi gari liende moja kwa moja usukani ukiwa umenyooka. Ndipo sensa ya usukani iwekwe sifuri kwa skana. Anayeanza na skana anaifundisha kompyuta kwamba kupinda ndiko kunyooka. Taa itazimika, na siku gari litakapoteleza kweli mfumo utabana gurudumu kwa kutumia pembe ya uongo. Ni afadhali taa ibaki inawaka.

Sifuri ya sensa ya mzunguko na ya mwendo wa kando iliwekwa kwa wakati huo huo, kwenye sakafu tambarare, milango imefungwa, hakuna aliyeketi wala kuegemea gari. Usawa wa sakafu ni suala la hesabu. Mteremko wa nyuzi 3 kwenda ubavuni huifanya sensa ya mwendo wa kando ihisi kama m 0.5 kwa sekunde mraba ingawa gari limesimama, na kosa hilo litahifadhiwa kama sifuri. Baada ya zoezi, usukani ulizungushwa hadi mwisho kushoto na kulia. Pembe zikawa karibu sawa pande zote, na zikarudi sifuri katikati.

Jaribio la mwisho lilifanywa na skana ikiwa imeunganishwa. Kwenye km 40 kwa saa kwa mstari ulionyooka, magurudumu manne hayakupishana zaidi ya km 1. Kwenye kona, ya nje yalisoma zaidi kuliko ya ndani, pande zote mbili, na pembe ya usukani ikabadilisha alama kama inavyotakiwa. Kwenye eneo wazi lenye changarawe, breki ilikanyagwa kwa nguvu kutoka km 35. Pedali ikatetemeka, gari likasimama bila kupinda, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Sensa mpya ilibaki kwenye gurudumu, ya zamani ikarudishwa kwa mwenye gari ikiwa na maandishi ya rangi: nzima. Kompyuta haikuguswa.